Lugha Moja, Nyumba Mbili
Tunaambiwa JavaScript ni lugha moja kila mahali. Hongera zake. Basi andika kimaktaba cha kupanga tarehe, ukitumie kwenye seva na kwenye kivinjari, halafu utupe habari.

Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ilitoka mwaka 2009 ikashika require kama njia ya kuita moduli. Kiwango rasmi cha lugha cha 2015 kikaja na import kwa kazi hiyo hiyo. Hakuna aliyekubali kung'atuka, kwa hiyo mwandishi hutoa matoleo mawili ya kazi ile ile, na faili la package.json hukaa mlangoni kuelekeza nani apewe lipi. Kivinjari kina kitu kiitwacho window, seva haina. Seva inasoma faili za diski. Kivinjari, kwa usalama wetu sote, hakiruhusiwi kuzisoma bila idhini yako. Ndiyo maana misimbo ya watu wazima imejaa typeof window: programu inaamka ikijiuliza iko wapi, kama mlevi wa jana. Mwaka 2020 zana ya kufungasha msimbo, webpack 5, nayo ikaacha kubandika yenyewe moduli za Node kwa ajili ya kivinjari. Lawama, bila shaka, zikamwendea mwenye maktaba.

Ukikutana na anayesifia hiyo lugha moja, mwombe kwa heshima akuonyeshe faili lake la usanidi.