Mwongozo wa Kuunguza Motokari Pole Pole, Kirumba hadi Butembo

Umenunua motokari iliyovuka mpaka wa Kasindi na usukani wake wa kulia, na sasa fizibo ya ampea 10 inaungua kila ukikaribia Alimbongo? Hongera. Fuata hatua hizi.

Kwanza, weka fizibo nyingine. Ikiungua, weka ya 20. Hiyo nayo ikikata, chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunje, ichomeke. Haitaungua tena. Kitakachoungua sasa ni waya, nao haujifichi: moshi utauona kabla ya Lubero.

Pili, mpelekee fundi asubuhi, injini ikiwa baridi, motokari imesimama uwanjani. Shoti ni kama mdaiwa: mdai akibisha hodi, hayupo. Fundi atafunga kapo na kusema, "Papa, iko muzima." Mlipe, uende. Shoti inakungoja kwenye shimo la kwanza.

Tatu, badilisha vitu. Anza na batri, kisha alterneta, kisha pampu ya mafuta. Vyote ni vizima, lakini mwenye duka naye ana watoto wa kusomesha.

Nne, na hii ni ya mabahili tu: mtafute fundi mwenye glopu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Ataichomeka mahali pa fizibo. Glopu haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Ikiwaka kwa nguvu zote, umeme umepata njia ya mkato hadi kwenye bodi. Ikififia, waya umetulia, kwa sasa. Ndipo anatikisa fungu la nyaya shubiri kwa shubiri, macho kwenye glopu. Anaanzia pale nyaya zinapotoka kwenye bodi kuingia kwenye injini, maana injini hucheza juu ya raba zake na bodi haichezi nayo.

Glopu inawaka ghafla! Anabandua utepe, anakuonyesha: ganda la waya limelika kiasi cha punje ya mtama, shaba inang'aa, na ukingo wa chuma ulio karibu nao umesuguliwa hadi kuwa mweupe. Uwanjani havigusani. Barabarani hugusana kila shimo.

Atafunga utepe, atauhamisha waya mbali na chuma, atarudisha fizibo ya 10. Akitaja bei, shangaa kwa sauti: "Pesa yote hiyo kwa kautepe?" Batri, alterneta na pampu hukuziombea hata punguzo.