Poleni na Msiba wa Samaki Mzima

Mama mkwe wangu bado anacheka. Jana usiku nilimsikia kwenye simu akimsimulia dada yake, na hadithi ilipofika kwenye mkasi nikatoka nje kwenda kukagua geti ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Wakwe walifika Jumapili kutoka Kigoma. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wahenga hawakuwa na akwariamu. Sebuleni kwetu anayeketi hana pengine pa kutazama ila tangi la samaki, maana televisheni ilishahamishiwa chumbani ili tangi lipate ukuta wake. Ndani yake wako lochi klauni: miili ya rangi ya chungwa, mistari mitatu mipana myeusi, mapezi mekundu, na sharubu fupi mdomoni za kupekulia changarawe. Mama mkwe akasogea kwenye kioo, akavaa miwani, akanyamaza kwa muda. Kisha akanigeukia na sauti ile inayotumika kuwapa watu habari nzito.

"Baba, kuna mmoja amefariki."

Kweli alikuwepo mmoja amelala ubavu juu ya changarawe, hatikisi pezi, mdomo wazi kidogo.

"Hajafa, mama. Amepumzika."

"Amepumzika," akakubali mama mkwe. "Kwa amani."

Hapo ndipo sebule ilipogeuka matanga. Shemeji akaacha chai yake. Watoto wakaitana. Jirani aliyekuja kuazima pasi akasimama mlangoni, akauliza kuna nini, akaambiwa, akasema poleni sana. Nami nikawa natoa somo ambalo hakuna aliyeliomba: kwamba lochi klauni ndivyo walivyoumbwa, kwamba mchana hujibana kwenye matundu na nyufa, wanne watano kwenye nafasi ya mmoja, kwamba wengine hulala ubavu, wengine chali, wengine husimama wima kati ya gogo na kioo, kichwa chini, na jioni taa ikizimwa wote huinuka wakala kwa bidii. Wafugaji duniani kote wamewahi kuwalilia hawa samaki wakiwa wazima. Niliongea vizuri, nadhani. Marehemu hakunisaidia hata kwa kupepesa shavu.

Ndipo baba mkwe akatia neno. Huyu ni mzee aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, aliyeshika migebuka na kuhe tangu akiwa mtoto, na ambaye kwa heshima yake sijawahi kumbishia hata bei ya nyanya. "Samaki akifia ndani ya maji," alisema kwa upole, "maji yanaharibika. Wenzake watamfuata." Na ni kweli tupu. Mzoga unaooza hutoa amonia, na amonia kwenye tangi dogo huunguza mashavu ya samaki wote waliobaki. Mzee alikuwa na sayansi, alikuwa na umri, na alikuwa na binti yake ambaye ni mke wangu. Nikachukua kinyavu.

Sasa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hiki kinachofuata ni cha ajabu, na ningekuwa na nafasi Jumapili ile ningewaeleza wote kabla ya kinyavu kugusa maji. Chini ya kila jicho la lochi klauni kuna mwiba. Huuoni. Siku zote umelazwa ndani ya kijifereji cha ngozi, na unaweza kumtazama samaki huyo mwaka mzima usijue kwamba ana silaha usoni. Akitishwa, mwiba huinuka kutoka kwenye ala yake na kujifunga hapo ulipo, kama kisu cha kukunja, na samaki mwenyewe ndiye anayeamua lini ukunjuliwe na lini urudi. Mwiba una ncha mbili. Fikiria ndege au samaki mkubwa wa mito ya Sumatra, kwao lochi, ameshameza kichwa, kisha kichwa kikapanuka kooni. Kwa adui wa aina hiyo ni mpango kamili. Kwa kinyavu cha nailoni chenye matundu madogo ni balaa, kwa sababu mwiba hupenya tundu moja, ncha yake ya pili hushika tundu jingine, na kadiri samaki anavyohangaika ndivyo anavyozidi kujisokota. Ukimvuta, utamchana uso. Ukimwachia ndani ya maji, ataogelea na kinyavu chako.

Basi kinyavu kilipokaribia, maiti alifufuka. Alikwenda pembe hii, akaenda pembe ile, akamwagia mama mkwe maji kwenye kanga, akaingia kinyavuni kwa nguvu zake mwenyewe na kujipachika. Kisha akaanza kulia. Sitii chumvi: lochi klauni hutoa mlio, ta! ta! ta!, unaosikika nje ya maji na hata kupitia kioo. Huutoa wakigombana, wakifurahia chakula, na wakiwa wameshikwa na mtu mwenye kinyavu mbele ya wakwe zake. Jirani wa pasi akarudi nyuma hatua moja.

"Leta mkasi," akasema baba mkwe.

Mke wangu akaleta ule wa jikoni. Mzee akakunja mikono ya shati, akalowesha viganja, akamshika samaki ndani ya maji yaleyale bila kumvuta, akakata uzi mmoja baada ya mwingine kuuzunguka mwiba, taratibu, huku mimi nikiwa nimeshika mpini na sebule nzima ikiwa kimya. Hakuna kitabu kingemfundisha vizuri zaidi. Hivyo hasa ndivyo inavyotakiwa, kukata wavu na si kumvuta samaki. Lochi akachomoka, akazunguka tangi mara moja, akarudi palepale pa mwanzo, akalala ubavu.

"Na sasa je?" akauliza mama mkwe.

Mikasa iliyoutangulia huu haikuwa na mashahidi wengi, kwa hiyo naitaja upesi. Konokono niliowanunua kwa ajili ya urembo waliliwa wote usiku mmoja, yakabaki magamba. Lochi mmoja aliruka nje kupitia upenyo wa bomba la hewa na kukutwa na paka, ambaye kwa bahati alikuwa ameshiba. Umeme ulikatika usiku wa baridi, hita ikazima, nami nikalala sebuleni nikipasha maji kwa sufuria.

Ila ugonjwa wa madoa meupe siwezi kuupita hivihivi, kwa sababu adui yule ana akili. Unaona chembe nyeupe kwenye mapezi, unadhani ni chumvi. Ni kijidudu, Ichthyophthirius multifiliis, na kila chembe ni mmoja wao aliyejificha chini ya ngozi ya samaki akila, mahali ambapo dawa haimfikii. Akishiba hujichomoa mwenyewe, madoa yakapungua, ukashukuru Mungu. Hapo ndipo unapoingizwa mjini. Kumbe ametua kwenye changarawe, amejivika gamba, na ndani yake anagawanyika akawa mamia. Hao mamia hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na hapo tu, katika siku moja au mbili za kutangatanga, ndipo dawa huwaua. Kwa hiyo unatibu maji yanayoonekana safi, kwa ajili ya samaki wanaoonekana wamepona, ukisubiri adui usiyemwona. Unapandisha joto hadi nyuzi 30 ili kijidudu aharakishe maisha yake na kujitokeza mapema. Na lochi klauni, ambaye magamba yake ni madogo mno na yamezama ngozini, hupata ugonjwa huu kabla ya wenzake wote na huumizwa na dawa zake kuliko wenzake wote. Wengi humpa nusu ya kipimo na kuomba dua kwa nusu nyingine.

Hapa kicheko kinaniishia. Samaki huyu hana hatia. Mtu wa kwanza kumwandika katika sayansi, mwaka 1852, alikuwa Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyeishi Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Kisayansi samaki huyu sasa huitwa Chromobotia macracanthus, na makazi yake ni mito ya Sumatra na Borneo pekee. Mvua zikianza, wakubwa hupanda mto kwenda kuzaa, na watoto hukulia kwenye mabonde yaliyofurika. Wavuvi huzamisha vipande vya mianzi vyenye matundu. Watoto, kwa tabia ileile ya kupenda nyufa, huingia wenyewe ndani. Mianzi huinuliwa na kutikiswa. Wanaosafirishwa ni hao wadogo. Indonesia imekataza kuuza nje wanaozidi sentimita 15, ili wazazi wabaki mtoni. Sheria nzuri. Lakini maana yake ni kwamba karibu kila lochi klauni dukani ni mtoto, wa sentimita tano hivi, na muuzaji anamwuza kana kwamba amemaliza kukua.

Hajamaliza. Hufika sentimita 30. Huishi miaka 20 na zaidi. Hawezi kukaa peke yake; hujificha na kudhoofika asipokuwa kwenye kundi la watano au zaidi. Piga hesabu hiyo ukiwa umepanga vyumba viwili Dar es Salaam. Kundi la wakubwa linahitaji tangi la mita mbili, kitu ambacho kikijaa maji kinaweza kulizidi uzito gari dogo, na mwenye nyumba wangu tayari ana maneno kuhusu friji.

Baba mkwe aliuliza, bila kejeli, kwa nini nimeagiza samaki wa Indonesia ilhali ziwa lao limejaa wa kila rangi. Sikuwa na jibu la heshima. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Mmoja alipewa jina lake, Neolamprologus brichardi, na madukani Ulaya humwita Binti Mfalme wa Burundi. Hafiki hata nusu ya lochi klauni. Anatutazama Watanzania kutoka sebule za Ujerumani, na duka ninalonunulia mimi halijawahi kuwa naye.

Nimerudi kwa muuzaji. Nilimwomba jambo dogo: aandike kwenye kioo cha tangi lake, kwa kalamu tu, sentimita 30, miaka 20, wasipungue watano. Akanitazama kwa huruma, akasema akiandika hivyo hakuna atakayewanunua. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu ya kuandika.