Mashine Isiyo na Ukoo

Wanaoidharau dingdong inayopasua magogo huko Buchosa hawajui fahari ya Muungano. Injini ni ya Kihindi, shafti ilikuwa ekseli ya lori la Kiswidi, puli imetoka kwenye kinu cha mpunga, na kile kichuma cha pembeni fundi anaapa ni cha trekta "au kitu kama hicho".

Beringi ikifa, dukani Mwanza mjini wanataka namba. Namba ilishasagwa kwa grenda, kulinda faragha. Muuzaji anaipima kwa kidole gumba, anakupa ya pampu ya maji. Ukiibana na kipande cha kopo la soda inakaa kama bwana harusi.

Kinga ya msumeno? Ya nini, wakati opereta bado ana vidole saba vizima?