Kilomita Elfu Moja Kwenda Kutazama Mvua

Julai ikiingia, Muscat haikaliki. Joto linapita nyuzi 40, na usukani wa gari lililoegeshwa juani haushikiki bila kitambaa. Ndipo wenyeji hufunga virago, wakajumuika na Wasaudia na watu wa Imarati, safari ya Salalah, mji mkuu wa Dhofar, kusini kabisa mwa Oman. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kusi ile ile iliyokuwa ikirudisha majahazi Uarabuni kutoka Zanzibar huigonga milima ya Dhofar na kuleta msimu wa kharifu. Na kinachofuatwa huko, jamaa wa Chake, Wete na Mkoani, ni manyunyu.

Mpemba aliyehamia Muscat hana pa kukimbilia. Mwaka wa kwanza majirani humsamehe. Mwaka wa pili humpakia garini pamoja na watoto, birika la kahawa na bakuli la halua, wakakata kilomita 1,000 hivi za jangwa. Haima husimama kujaza mafuta na kunywa chai, kisha jangwa tena. Mtu wa kisiwani, aliyezoea kutoka Chake kwenda Wete na kurudi kabla ya adhuhuri, huanza kuuliza kama Oman ina mwisho.

Ukishapita Thumrait, barabara hupanda milima na ukungu hukuvaa ghafla. Hapo garini huwa vifijo. Vioo vinateremshwa, mikono inatolewa nje, mzee mzima anamshukuru Mungu kwa tone lililomwangukia kwenye miwani. Mpemba naye anachungulia kulia na kushoto, akitafuta kinachoshangiliwa.

Kasheshe yenyewe iko mjini. Kando ya barabara vimepangwa vibanda vya matunda: madafu yananing'inia kwa mikungu, ndizi na mapapai yamerundikwa, muuzaji anafyeka dafu kwa panga na kutia mrija. Nyuma yake ni mashamba ya minazi na migomba. Wageni wanapanga foleni kupiga picha chini ya mgomba! Mpemba anasukumwa naye asimame, na picha inamtoa kama mtu aliyefumaniwa shambani kwa watu.

“Na nyinyi kwenu,” mwenyeji wake anauliza kwa upole, “mnakwenda wapi kutazama mvua?”

“Dirishani.”

Haki isemwe, lakini: Salalah ina mambo. Bonde la Darbat hujaa maji, na ngamia hula majani mabichi wakiwa wamezama kwenye ukungu, kisha wakavuka barabara bila kumwogopa mtu. Mughsail, mawimbi hupenya chini ya mwamba na kufumka juu kupitia matundu, yakawalowesha waliovaa vizuri kuliko wote. Na ubani unaofukizwa Pemba harusini unatoka kwenye miti ya nchi hii. Mwaka 2000 UNESCO iliitia Nchi ya Ubani katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo Pemba hatuna.

Ila kwa ukijani, Waarabu wenyewe walishatoa hukumu zamani walipokiita kisiwa chetu Jaziratul Khadhraa, Kisiwa cha Kijani. Anayetoka Konde kwenda Kigomasha hupita katikati ya msitu wa Ngezi, miti imefunga juu, mchana ukawa magharibi. Kidike wako popo wa Pemba, wanaokula matunda na wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha kwa kufanywa kitoweo. Leo wanakijiji wanawalinda, na mgeni hulipa kiingilio kuwaona wakining'inia mchana kutwa na kugombana kwa kelele. Msimu wa karafuu ukiwadia, majamvi huanikwa mpaka pembezoni mwa lami na harufu humwingia msafiri ndani ya daladala bila nauli ya ziada. Kwa hilo, vibanda vya Salalah havioni ndani.

Kwa hiyo wenye migomba kando ya barabara wasiifyeke, maana majirani wa Muscat wameanza kuulizia meli ya Mkoani. Wakitaka manyunyu wabaki Salalah; wakitaka mvua waje Aprili, masika yamekolea, na makubadhi yao mazuri wayaache nyumbani.