Ngazi Isiyofika Popote

Mpwa wangu alishuka kwenye treni ya Tabora na begi moja, daftari la chuo na hamu ya kumpima mtu. Anasomea mambo ya michezo. Alipofika kwetu Magamba alinikuta nahema, nimetoka kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Nilimweleza kwamba tairi la nyuma halikuwa na upepo. Hakusikia.

"Shikamoo mjomba. Kesho nakupima pumzi."

Kesho yake alinihoji kama karani wa sensa. Presha? Moyo? Kifua kubana? Kizunguzungu? Kipimo hiki ni cha watu wazima wenye afya, alisema, mwenye mashaka aanzie kwa daktari. Nikajibu hapana kwa yote, kifua mbele. Hapo akaanza kupanga matofali yangu ya kuchoma, yale niliyoweka akiba ya choo, na kulaza ubao juu yake. Alipima kwa rula ya shule ya mwanangu. Rula ikaishia sentimita 30, matofali yakaendelea hadi 50.

Kumbe jambo lenyewe ni la Harvard, Marekani. Mwaka 1943 mtafiti Lucien Brouha alitoa kipimo hicho kutoka mahali palipoitwa Maabara ya Uchovu. Sitanii, ndilo lililokuwa jina lake. Tawi lake Magamba ningelifungua mimi, mtaji ninao. Mguu mmoja unapanda, wa pili unafuata, kisha unashuka vivyo hivyo, mara 30 kwa dakika, dakika 5. Nilipiga hesabu: mara 150 kwa nusu mita ni mita 75 za kwenda juu, na ukimaliza bado uko uani kwako.

Mdundo ulitakiwa utoke kwenye simu, ila simu ilikuwa kibandani inachajiwa. Mke wangu alikuwa anatwanga kisamvu. Mpwa akatega sikio, akatazama saa yake ya mkononi, macho yakamng'aa: mchi ulikuwa unapiga mara 60 kwa dakika, bila kuyumba. Pigo moja juu, pigo moja chini. "Mama, usibadilishe! Hapo hapo!"

Dakika ya kwanza nilipanda kwa heshima zote. Ya pili ilipoanza, jirani yetu akaingia na mchi wake. Mwanamke hawezi kumkuta mwenzake anatwanga peke yake akakaa kutazama. Akaingiza mchi kinuni, wakaanza kupokezana. Tu-tu, tu-tu. Mdundo ukawa maradufu. "Mjomba, fuata wa mama tu!" alipiga kelele mpwa. Miguu haina sikio la kuchagua. Nilipanda na kushuka kama cherehani, kanga za wale wawili zikinizunguka machoni. Kwenye sekunde ya 140 nilikaa chini. Sikuamua kukaa, nilijikuta nimekaa, nahema kama kiboko wa mto Katuma maji yalipomkaukia.

Kazi ya kipimo, kumbe, ndiyo kwanza inaanza. Unapumzika dakika moja, mapigo yanahesabiwa kwa nusu dakika; tena baada ya dakika ya pili, tena baada ya ya tatu. Mara ya kwanza mpwa alipata 78. Mara ya pili, kiganja changu kikiwa mkononi mwake, mzee wa nyumba ya tatu akatokea njiani.

"Hodi hapa!"

Haiwezekani kumnyamazia mzee. "Shikamoo mzee," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Hamjambo? Za asubuhi? Na mgeni, za Tabora? Treni ilichelewa?"

Pale Harvard hawakulifikiria hilo. Mpwa alikuwa amefika 33 katika sekunde 15, hesabu ikamtoka, akazidisha kwa mbili na kuandika 66 kwa aibu. Ya tatu ilihesabiwa hadi mwisho, 57, kwa kuwa mzee alikuwa ameshaanza kuulizia mvua, na mvua mtu mmoja anatosha kuijibu.

Jumla 201. Unachukua sekunde ulizodumu, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa jumla hiyo mara mbili: 14,000 kwa 402. Nikapata 34.8. Chini ya 55 unaitwa dhaifu. Nikauliza kama gunia la mahindi linaongezwa popote. Haliongezwi. Ndipo mpwa akaniambia, huku anafunga daftari, kwamba kuna kipimo kingine cha sentimita 30, mara 24 kwa dakika, dakika 3 tu. Hicho nacho kakisoma chuoni hapo hapo!

Wanawake walikuwa bado wanatwanga, na wanaongea.

Mzee alilizunguka lile jukwaa, akalitazama juu, akatazama na mawingu. "Sasa huko ulikokuwa unapanda," aliniuliza, "kuna nini?"

Kisha akaketi juu yake. Akajisogeza, akanyoosha miguu, akasema fundi wake ana akili, kimo ni chenyewe. Choo hakijajengwa hadi leo. Kila asubuhi mzee anakuja, na mimi nashukuru, maana akiwa amekaa pale hakuna wa kuniambia nipande.