Ombi la Mkulima wa Mpunga Kulala Ufukweni Unguja Kabla Hajafa

Kwa Wahusika wa Utalii,
Bara na Visiwani,
Popote ofisi zenu zilipo.

YAH: BEI YA UFUKWE KWA MTU ANAYEUZA MPUNGA



Huku Ifakara tu wazima, mto Kilombero umejaa kiasi chake, na hofu yetu kubwa ni ndege tu wanaokula mpunga. Nawaandikia kwa sababu ya redio. Kila jioni inatukumbusha kwamba Mtanzania mzalendo hutembelea vivutio vya nchi yake, na kwamba ni aibu wageni watoke Ulaya kuja kuona tusivyoviona sisi. Nimeaibika vya kutosha. Nikauza mpunga, nikaenda Zanzibar.

Anuani ya barua hii imenisumbua kuliko barua yenyewe. Utalii si jambo la Muungano: Bara kuna wizara yake, Zanzibar kuna kamisheni yake. Kwa hiyo mimi mkulima wa Kibaoni nabadilika katikati ya bahari. Napanda boti Dar es Salaam nikiwa mtalii wa ndani, nashuka bandari ya Malindi, Unguja, nikiwa mtu wa Bara. Nani anashughulika na mtu wa aina hiyo sijui, ndiyo maana nimewaandikia wote. Atakayeipokea kwanza asimtupie mwenzake.

Kutoka Ifakara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400. Wenye subira hupanda TAZARA, reli ya kilomita 1,860 tuliyojengewa na Wachina kati ya 1970 na 1975. Treni ikichelewa mtu analala stesheni na mbu wa Kilombero, ambao ni mashuhuri duniani kama nitakavyoeleza huko mbele. Wenye haraka hupanda basi kupitia Kidatu na Mikumi, wakifika Morogoro wanahamia treni ya umeme, shilingi 13,000 daraja la kawaida hadi Dar. Nauli hiyo naitaja kwa makusudi. Aliyeipanga alikaa akamfikiria abiria. Kwenye bei za ufukweni sikukutana tena na mtu wa namna yake.

Kwa kuwa bajeti ilikuwa ya kujibana, nilijipanga. Nilibeba kilo tano za mchele wangu mwenyewe na kambale wa kukausha, nikawafunga kwa gazeti ndani ya kiroba. Kwenye boti kijana mmoja wa Kizungu, mwenye suruali iliyochanwa magotini kwa ridhaa yake, aliketi jirani yangu, akavuta pumzi mara mbili, akahamia upande wa dirisha la pili. Nikapata viti viwili kwa nauli ya kimoja. Huo ulikuwa unafuu wangu wa kwanza.

Malazi nilipata gesti ya Ng'ambo, chumba chenye feni inayozunguka ikijishauri. Mama mwenye gesti alinikubalia kupika uani, na nusu ya mchele ikabaki kwake kama sehemu ya kodi. Mkataba wa haki kuliko yote niliyoshuhudia kisiwani, na haukuandikwa popote. Kesho yake nilipanda daladala namba 116 hadi Nungwi, nimebanwa kati ya kapu la samaki na mwalimu wa madrasa, na wote wawili walinipa nafasi ya kutosha.

Bahari ya Nungwi, waheshimiwa, ni kweli. Picha hazikudanganya. Maji yana rangi ambayo ukimweleza mtu wa Mlimba atakuuliza umekunywa nini. Niliyavua malapa, nikatembea mchangani, nikaona viti vya mbao vya kujinyoosha vimepangwa chini ya miavuli ya makuti, vitupu, nikajinyoosha kwenye kimoja. Kijana wa hoteli akaja. Mpole, sare imepigwa pasi.

"Samahani mzee wangu, hapa ni kwa wageni."

Nikamwuliza, "Na mimi ni nani?"

Alinitazama kuanzia kofia hadi malapa mkononi. Alikuwa kijana mkweli. Akasema, "Wewe si mwenyeji, mzee?"

Mwenyeji! Nimevuka mikoa na bahari kwa basi, treni na boti ili nikaambiwe niko nyumbani, na kwa sababu niko nyumbani niinuke. Nikauliza bei ya kuwa mgeni. Akaniletea orodha. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, na orodha ile ilikuwa imetii: dola ilikuwa imeondolewa, sifuri zikaongezwa. Sharubati ya embe ilikuwa na bei ambayo kwayo Ifakara msimu wa embe ungepewa mwembe. Chumba nilikiuliza kwa utani tu, kumbe utani nao una gharama, maana nilikaa kimya muda mrefu.

Niwafanyie hesabu ya huku kwetu. Chumba cha dola 150, ambacho kule ufukweni si cha matajiri, ni kama shilingi 375,000. Mwaka bei ikiwa nzuri hayo ni magunia matano ya mpunga wakati wa mavuno. Ikiwa mbaya, ongezeni mawili. Mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini, ambaye kima chake cha chini cha mshahara kilipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, akilala hapo usiku mmoja anabakiwa na nauli ya kurudi kuomba mkopo. Mnemba sikuuliza. Ni kisiwa ambacho ukitembea taratibu unakizunguka kabla chai haijapoa, na watu hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja, kila kichwa. Nilikiangalia kwa mbali. Kuangalia bado ni bure, na naomba barua hii isiwe chanzo cha kubadilisha hilo.

Jioni ya mwisho nilikwenda Forodhani. Muuza mishikaki akanisalimu "Jambo! Hakuna matata!", salamu ambayo sijawahi kupewa na mtu anayejua Kiswahili. Akanitajia bei. Nikamwambia, "Bwana mdogo, mimi natoka Ifakara."

"Ifakara ndo wapi tena?"

"Kule kwenye mchele."

"Aaa, Bara! Si ungesema, ami." Bei ikashuka hapo hapo zaidi ya nusu. Tukacheka wote, nikala, nikaongeza urojo. Huyu muuza mishikaki, waheshimiwa, ana sera ya utalii wa ndani. Hana ofisi, hana gari, hana semina, ila sera anayo, na inatekelezeka ndani ya dakika moja.

Mtasema hoteli nazo hushusha bei. Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini cha ombi langu. Zinashusha Aprili na Mei, wakati wa masika, na nyingine hufunga kabisa. Ndipo matangazo yanapotugeukia: Mtanzania, msimu wako ndio huu! Mimi Aprili niko wapi? Niko juu ya dungu katikati ya shamba, napiga debe tangu alfajiri kufukuza kwelea kwelea, maana nikisinzia saa moja tu kundi likishuka navuna makapi. Bonde lote limefurika, kuna vijiji watu wanavuka kwa mtumbwi kwenda dukani. Mfukoni mna ufunguo wa ghala tupu. Ada za shule nadaiwa, palizi nimekopea, na wengine wetu mpunga wameshauuza ungali kijani kwa bei ya kutupa ili wafike Juni. Huyo ndiye mliyempangia likizo.

Fedha tunaishika baada ya kuvuna, Juni ikielekea Julai. Kwa wiki chache hizo mkulima wa Kilombero ni mtu: ananunua bati, anaoza, anaongea kwa sauti. Na wiki hizo hizo Ulaya inafunga shule, Waitaliano wanamiminika, bei zinapanda hadi kilele. Kalenda yenu ya mtalii wa ndani imepangwa na mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi, akidhani nchi nzima inalipwa hivyo.

Msinielewe vibaya, sidai msaada. Nadai chenji. Zanzibar inapata umeme kutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, wa kwanza tangu 1980, mwingine mkubwa zaidi tangu 2013. Kwenye gridi hiyo kuna vituo vya Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180, vyote viko chini ya milima yetu ya Udzungwa. Kuna na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mto Kilombero ndio unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kiyoyozi kile kilichokuwa kikinguruma nyuma ya kioo cha hoteli nilikitazama kwa jicho la undugu. Maji yetu yameingia chumbani. Yamelala humo bila kuulizwa kitambulisho.

Halafu kuna chandarua. Kila kitanda cha kitalii kina chandarua cheupe kilichofungwa fundo la madaha, na wageni wanakipiga picha. Nani alikijaribu? Mwaka 1956 Waswisi walifungua maabara ndogo Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 1997, katika Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa viliuzwa na kufuatiliwa kijiji kwa kijiji, ikaonekana watoto waliolala ndani yake wananusurika zaidi. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa kijiji chetu cha Idete ndio waliojaribiwa chanjo ya malaria. Mbu wetu wamewasomesha watu wengi hadi udaktari wa falsafa. Sisi tulitoa damu kwa pande zote mbili, kwa mbu na kwa watafiti, na hatukuomba hata punguzo la sharubati.

(Msitu wa Jozani sikuingia. Nilielezwa kuna kima punju, mnyama adimu asiyepatikana nje ya Zanzibar. Nakubali, ni mzuri sana. Ndugu zake wekundu wako Udzungwa, na jamaa zao wengine pale Mang'ula wanatuibia ndizi bila kiingilio.)

Ili msidhani ni kelele za maskini mmoja, tazameni Ugiriki. Wagiriki si wageni kwetu, enzi za Mwingereza walilima mkonge pale Kilosa. Nchi yao ina visiwa vinavyoitwa Mykonos na Santorini, ambako bei ni za kumtoa mtu machozi, na Mgiriki wa kawaida anaviona kwenye kalenda ya ukutani kama sisi. Serikali yao imefanya mambo mawili. Kwanza, tangu Julai 2025 abiria wa meli za anasa anayeshuka kwenye visiwa hivyo viwili msimu wa kilele analipa euro 20. Pili, ina mpango wa miaka mingi wa kuwapa wafanyakazi na wasio na ajira vocha za likizo: mtu anachagua hoteli iliyojiunga na mpango, serikali inalipia sehemu ya malazi, na yeye anamalizia. Hawakuteremsha bei ya Mykonos kwa Mwingereza. Walikumbuka tu kwamba Mgiriki naye ana miguu ya kukanyaga mchanga.

Zanzibar mwaka 2024 ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, na kila mwaka namba inatangazwa kwa shangwe. Nasi tunashangilia, kodi ni kodi, na vijana wetu wengi wa Bara wanafanya kazi humo. Ila katika shangwe hizo tungependa kujua siku moja ni wakulima wangapi walilala ufukweni wakiwa wamelipa wenyewe.

Ninachoomba si kikubwa. Kila hoteli yenye vyumba vingi itenge vichache, hata vile vinavyotazama jenereta, kwa bei ya mwananchi, iandikwe kwa shilingi na ibandikwe getini ili mlinzi asihangaike kukisia uraia wa mtu kwa malapa yake. Bei hiyo itumike Julai na Agosti, tunapokuwa na fedha, isiwe ya Aprili tunapokuwa na ndege. Vyama vyetu vya ushirika vipo, vina orodha za wanachama. Kukata tiketi ya boti na chumba kwa pamoja, kulipia kidogo kidogo tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, ni jambo ambalo akina mama wa vikoba wangelipanga Jumamosi moja wakamaliza kabla ya chakula. Mkikwama, muulizeni muuza mishikaki wa Forodhani.

Nanyi mkipata nafasi, karibuni kwetu. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, daraja la Kilombero lilizinduliwa 2018 hivyo mkitaka kuvuka kwenda Ulanga hamtahitaji pantoni, na kiingilio cha hifadhi ya Udzungwa kwa Mtanzania ni kwa shilingi. Mtalala gesti, feni ipo. Mkifika mtaitwa wageni, na mgeni huku ndiye anayepewa kiti.

Tunaanza kuuza mpunga wiki za mwisho za Juni. Tafadhali tangazeni bei ya Julai kabla ya hapo, ili tujue tubakize magunia mangapi.

Wenu mtiifu,
Mkulima wa mpunga,
Kibaoni, Ifakara.