Seva Haijui Jina la Mtu

Mwaka 1984 wahandisi wa Sun Microsystems, kampuni ya Marekani, walitengeneza NFS, mfumo unaoziwezesha kompyuta nyingi kutumia mafaili yaliyo kwenye seva moja kana kwamba yamo kwenye diski zao. Wasimamizi wa seva wameupenda tangu hapo, na tangu hapo haujaacha kuwatoa jasho.

Kuna balaa la nafasi. Msimamizi akitaka kompyuta iitwayo seva1 isome na kuandika kwenye folda ya /data, huandika seva1(rw) ndani ya faili la /etc/exports. Kidole kikiteleza ikawa seva1 (rw), mambo yamegeuka: seva1 sasa itasoma tu, na kompyuta nyingine yoyote inayoweza kuifikia seva itaandika itakavyo. Mgeni mwalikwa anatazama pilau kwa macho, wapita njia wamekabidhiwa mwiko. Linux hutoa onyo, lakini wakati huo msimamizi ameshageukia chai.

Halafu kuna namba. Kwa utaratibu wake wa kawaida, NFS haiulizi jina wala nywila. Kompyuta iliyoruhusiwa hutaja namba ya mtumiaji, na seva huamini. Linux nyingi humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000. Mhasibu ni 1000 kwenye kompyuta yake. Mwanafunzi wa field, aliyefunguliwa akaunti jana kwenye kompyuta mpya, naye ni 1000. Anafungua folda ya mishahara kutafuta fomu ya nauli, anajikuta ndiye mwenye mali. Hakudukua chochote, masikini. Seva imeona 1000, ikasema karibu bosi.

Anayebaniwa ni mkubwa mwenyewe. Ruti, mtawala wa kompyuta mwenye namba 0, akibisha hodi hugeuzwa kuwa “nobody”, yaani si mtu yeyote. Simu za malalamiko zikizidi kulia, msimamizi huandika no_root_squash, ruti arudishiwe ukubwa wake. “Kwa muda tu,” anasema. Muda huo huisha siku anapohamia kazi nyingine.

Seva ikizimika, kompyuta iliyounganishwa kwa njia ya “hard” haikati tamaa. Inasubiri mpaka seva irudi. Msimamizi anaandika df, amri ya kukagua diski, ili ajue tatizo liko wapi, df nayo inaganda. Anafungua dirisha la pili, anaandika df tena. Sasa ana madirisha mawili yaliyoganda.

Toleo la nne la NFS lilikuja na dawa ya lile tatizo la namba: Kerberos, mfumo uliobuniwa chuo cha MIT, unaodai kila mtu athibitishe yeye ni nani. Lakini Kerberos hutazama saa, na kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5. Basi mhasibu halali, mwenye nywila sahihi, anafungiwa nje kwa kuwa saa ya kompyuta yake imechelewa dakika 6, na anayetumwa kwenda kuirekebisha ni yule mwanafunzi wa field.